Kitanda Alichokilalia Mama Mkwe

Kama ulisoma ya wiki jana, unajua uliniacha wapi. Kama hukusoma, hujachelewa, maana sijatoka hapo. Niko chini ya kitanda. Nimelala ubavu, goti moja linagusa kidevu, spana iko mkononi, na tangi la maji limenibana mgongoni. Nje nasikia viatu vya mama mkwe vikipanda ngazi.

Nirudi nyuma kidogo, kwa ajili ya wageni.

Naitwa Elinaza, mtu wa Same, na huu ni mwaka wangu wa tisa Toronto. Nafanya kazi kwenye ofisi ya bima kule Markham. Mke wangu Katunge ni Mkamba wa Machakos, nesi katika nyumba ya wazee hapa Scarborough. Tunaishi ghorofa ya kumi na moja, chumba kimoja na sebule. Watoto hatujajaliwa bado. Tulichojaliwa ni karavani.

Usiyeijua karavani, ni kijumba cha magurudumu kinachovutwa na gari. Ndani kina kitanda, jiko, meza na choo. Yetu imetoka kiwandani mwaka huu huu, lakini imeundwa kwa mtindo wa zamani, mviringo mviringo, juu rangi ya maziwa, chini kijani. Watu wa hapa wanaupenda mtindo huo kwa sababu unawakumbusha babu zao wakienda kupumzika ziwani. Babu yangu mimi hakwenda kupumzika popote, kwa hiyo mwanzoni nilicheka.

Aliyeanza ni Katunge. Mtoto wa mgonjwa wake mmoja alimpa tiketi za maonyesho, tukaenda ili tukimbie joto la ghorofani. Akaingia kwenye karavani moja, akakaa kwenye benchi, akakataa kutoka.

"Eli, kaa kwanza. Kaa tu."

Nikakaa. Nikaona jiko lenye vifundo vya kuzungusha, friji yenye mlango wa mviringo, sakafu ya miraba myeusi na myeupe. Nikamkumbuka mama yangu. Alikuwa na birika la wageni, maziwa na kijani vilevile, juu ya kabati. Sikuwahi kunywa chai yake hata siku moja, kwa kuwa mimi sikuwa mgeni. Nilipotoka mle ndani, aliyekuwa anacheka ni Katunge.

Tukakodi moja kwa siku mbili. Kisha kila Jumapili baada ya ibada tukawa tunakwenda kuzitazama zinapouzwa, kama wenzetu wanavyokwenda kutazama nyumba. Usiku tunalala na simu tukionyeshana picha za karavani za watu tusiowajua. Tuligombana kuhusu mapazia kama watu wanavyogombania jina la mtoto. Tulipoipata yetu tukaiita Birika, na kwa wiki tatu tulikula chakula cha jioni ndani yake, pale pale kwenye maegesho, wakati meza yetu ya ghorofani inapata vumbi. Wote wawili tulikuwa wagonjwa wa karavani, kwa hiyo hapakuwa na wa kumpeleka mwenzake hospitali.

Halafu mwezi wa nane mama mkwe akaja kututembelea.

Katika ukoo wa mke wangu, mkwe wa kiume halali chini ya paa moja na mama mkwe. Haingii anapolala. Na kitanda alichokilalia mama mkwe, hata kwa lepe moja la usingizi, mkwe hakilalii tena mpaka anakufa. Mambo haya hayana mjadala, na Katunge pamoja na shahada yake ya unesi hayachezei hata kidogo.

Basi mimi nikahama nyumbani kwangu. Mama akaambiwa nalala kwa Amyn, fundi wa magurudumu. Haukuwa uongo. Amyn ni mzaliwa wa Mwanza, Kiswahili chake kinanishinda mimi, na Birika tulikuwa tumeihamishia uani kwake, nyuma ya gereji. Kila siku Katunge akitoka zamu anapita hapo, tunakunywa chai dakika ishirini, kisha anakimbilia basi kwa sababu mama yake anasubiri. Mume na mke wa ndoa ya kanisani, tunaibiana kama wanafunzi wa bweni.

Kwa nini Mama hakuambiwa habari za Birika? Hapo ndipo penye dhambi yetu. Kabla hajaja, Katunge alimtumia picha za jiko na mapazia ya kitenge, akaandika, "Mum, kajumba ketu." Mama akawatangazia akina mama wa kanisa lake, Machakos nzima, kwamba binti yake ana nyumba Kanada. Tangu atue alikuwa anauliza ataiona lini, na sisi tukawa tunasema mafundi hawajamaliza. Picha hazikudanganya. Zilikatwa tu pembeni.

Wiki jana Katunge aliniambia baridi ikianza nitoke, nikalale kwenye kochi la Amyn. Nikakataa. Tukanuniana. Leo asubuhi nikamwambia naenda kazini, kumbe nimechukua likizo ya siku moja. Nilitaka nitoe maji yote kwenye mabomba, nitie ile dawa ya rangi ya waridi inayozuia barafu, halafu nifunge hita mpya, ili akija jioni asiwe na la kusema. Gari lilikuwa mbele kwa Amyn likivalishwa matairi ya theluji. Nikavua viatu mlangoni, nikafungua kijimlango cha kusukuma pembeni chini ya kitanda, nikajipenyeza kando ya tangi.

Ndipo nikasikia sauti ya mke wangu, na nyuma yake sauti nyingine. Nikavuta kijimlango kikafungika. Mkono wangu ndio uliovuta, akili ilikuja baadaye.

Hapo ndipo tulipoishia.

"Mum, panda pole pole. Shika hapo."

"Katunge, hii ni nini?"

"Ingia kwanza."

Birika ikayumba. Kupitia ufa wa kijimlango niliona soksi za kijivu, kisha soksi nyingine nyeupe za kazini.  Nilijua Mama anatazama mapazia, na mapazia anayajua.

"Haya ni yale ya kwenye picha," alisema.

"Ndiyo, Mum."

"Na jiko ni lile."

"Ndilo."

"Sasa nyumba iko wapi?"

 Nikasikia akimeza mate, na mimi chini nikameza yangu.

"Mum, hii ndiyo nyumba. Hakuna nyingine. Nilikudanganya na nimechoka kukudanganya."

Nilisubiri kilio. Nilisubiri Biblia. Badala yake nikasikia kabati likifunguliwa na kufungwa.

"Vikombe havianguki ikitembea?"

"Kuna kijiti cha kuzuia. Ona."

"Ala. Na choo?"

"Hiki hapa."

"Ndani ya kabati?"

"Si kabati, Mum, ni choo."

"Mtu anakaaje humo na magoti yake?"

Katunge akacheka, cheko lile la wiki za mwanzo ambalo sikuwa nimelisikia tangu mwezi wa nane. Akaanza kumwonyesha kila kitu: meza inayokunjwa, dirisha la juu linalozungushwa kwa mkono, taa ndogo ya kusomea. Akamweleza jinsi tulivyotafuta vifundo vya kabati miezi miwili kwa sababu mimi nilitaka vya shaba na yeye alitaka vya kauri. Niliona aibu na raha kwa pamoja.

"Na nani analala hapa?" Mama aliuliza.

"Hakuna mtu. Ni pa kupumzikia tu."

Aliyekuwa amechoka kumdanganya mama yake alikuwa amepata nguvu mpya. Sikumlaumu, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimelala chini ya uongo huo.

"Hakuna maziwa," Katunge alisema. "Wacha nikimbie pale plaza, dakika kumi tu. Usiguse jiko, Mum, nitakuja nikuwashie."

Mlango ukafungwa. Tukabaki wawili, mama mkwe na mimi, katika kijumba cha hatua sita.

Nilifanya hesabu zangu. Nikitoka sasa, nimetoka chini ya kitanda mbele ya mama mkwe, jambo ambalo ukoo wao haujawahi kuliona na lisingesahauliwa. Nikikaa, atakunywa chai, ataondoka, hakuna atakayejua. Nikachagua kukaa. Simu ilikuwa mfuko wa nyuma, upande ule nilioulalia, nami sikuweza hata kuifikia niizime. Nikamwomba Mungu asinipigie mtu.

Nikamwona akitembea mpaka mlangoni, akainama, akasimama. Akarudi. Soksi za kijivu zikasimama karibu na pua yangu. Nikasikia kitambaa kikifunguliwa, kile anachojifunga kichwani. Kisha mbao zilizo juu ya sikio langu zikalia.

Akakaa. Halafu, polepole, akalala.

Ndugu msomaji, sikupiga kelele, ila moyo ulinianguka. Kitanda kile kilikuwa mahali pekee duniani nilipoweza kukaa na mke wangu. Kwa dakika moja ya mama mkwe kunyoosha mgongo, kilikuwa kimekwenda. Ningeweza kumzuia. Neno moja tu, au kikohozi. Nilikuwa na muda na sikufanya kitu kwa kuogopa aibu, na hilo ndilo ninaloliungama leo.

Nikasikia akivuta pumzi ndefu.

"Elinaza, baba."

Nikadhani yuko kwenye simu anamwambia mtu habari zangu.

"Elinaza. Viatu vyako pale mlangoni nimetia mkono. Vina joto."

Mtu analelewa miaka na miaka ili siku kama hiyo awe na la kusema. Mimi nilifanya ambalo mtoto yeyote wa Same angefanya.

"Shikamoo, Mama," nilisema kutoka chini ya kitanda.

"Marahaba. Usitoke. Kaa hapo hapo."

"Naam, Mama."

"Ni afadhali hivi. Mimi sikuoni, wewe hunioni. Kuna jambo ambalo nisingeweza kukuambia uso kwa uso."

 Nje, gerejini kwa Amyn, mashine ya kufungulia nati ililia ikanyamaza.

"Nimelala kwenye kitanda hiki nikijua," alisema. "Nilijua wewe ndiye unayelala hapa. Mto una harufu ya mafuta ya mwanamume, na binti yangu kila siku anarudi na chai tumboni, hataki yangu. Mimi si mtoto. Nimelala ili usiweze kulala hapa tena."

"Nimekukosea nini, Mama?"

"Hujanikosea. Sikiliza. Mimi sirudi Machakos."

Tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya tarehe tatu Desemba. Nilikuwa nimeikata mimi mwenyewe, na kila asubuhi nilikuwa nakata siku moja kwenye kalenda iliyobandikwa ndani ya Birika, juu ya kichwa chake pale alipolala.

"Kyalo amemwingiza mke wake wa pili nyumbani kwangu," alisema. Kyalo ni mwanawe, mdogo wake Katunge. "Sikuwa nimemaliza wiki hapa. Vitu vyangu viko stoo ya kanisa. Mama mchungaji ndiye aliyenipigia, Kyalo mwenyewe hapokei simu. Sina pa kurudi."

"Pole, Mama."

"Asante. Sasa, juu kule kwenye ghorofa yenu siwezi kukaa, maana nikikaa wewe huwezi kuwa na mkeo. Nimeona anavyokonda. Lakini hapa naweza. Kajumba kana jiko, kana choo cha kabatini, kana mapazia aliyoshona mwanangu. Wewe rudi juu kwa mkeo. Mimi niachie hiki."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Mama mkwe alikuwa ameingia Birika kwa robo saa na ugonjwa wetu ulikuwa umeshampata.

"Mama, baridi ya hapa inaua. Januari maji yanaganda kwenye bomba."

"Wewe ulikuwa unapanga kukaa na nani Januari?"

 Hita niliyotaka kuifunga ilikuwa miguuni pangu.

"Na viza yako, Mama? Miezi sita ikiisha?"

"Hayo tutayazungumza. Kwanza niapie. Katunge asijue habari za Kyalo. Akijua atampigia, watatukanana, na nitakufa nikiwa na mtoto mmoja badala ya wawili. Nitamwambia mwenyewe nikipata maneno. Niapie."

Nikamwapia. Nilikuwa nimelala kwenye maji ya bomba yaliyokwisha kunilowesha bega, na nikamwapia mama mkwe kwa jina la mama yangu mzazi. Sijui ningewezaje kukataa. Mtu mzima aliyetolewa nyumbani kwake anakuomba kitu kimoja.

Mlango ukafunguliwa.

"Mum, nimekawia kidogo, nime..." Katunge akakatika. "Mum, umelala hapo?"

"Nimelala."

Mfuko wa maziwa ukawekwa mezani. Nilijua hasa anachofikiri mke wangu, kwa sababu alikuwa amezaliwa ndani ya desturi ile.

"Mum, na ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Sasa Eli atalala wapi?"

"Kwa mkewe. Nipe maji ya kunywa."

Ndipo nikaona kupitia ufa kwamba zilikuwa zimeingia jozi mbili za miguu. Soksi nyeupe za Katunge, na nyingine za zambarau zenye nyota.

"Mum, huyu ni Farheen," Katunge alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ni mteja wa Amyn. Anataka kufungua biashara ya chai na sambusa, anatafuta karavani ya mtindo wa zamani. Nilimwambia aje leo. Ndiyo sababu nilikuleta, Mum. Nilitaka uione kabla haijaondoka."

Farheen akasalimu kwa Kiingereza, kwa adabu sana, akaanza kusifu mapazia.

"Unauza nyumba yako?" Mama aliuliza.

"Mum, mume wangu analala kwenye baridi na anasikia raha. Kila siku nina mume wa dakika ishirini. Mwanzo tuliipenda pamoja. Sasa naona anaipenda yeye, na mimi nakuja kama mgeni, nakunywa chai naondoka. Wewe ukirudi nyumbani Desemba, atasema abaki mpaka Krismasi, halafu mpaka Pasaka. Namjua Eli."

"Na wewe huipendi tena?"

"Naipenda kuliko yeye. Ndiyo maana nauza mimi. Yeye hataweza."

Maneno hayo yaliniingia mahali ambapo spana haifiki. Miezi mitatu nilikuwa najiona mume mvumilivu, mtu aliyehama kwake kwa heshima ya wakwe. Kumbe mke wangu alikuwa ananihesabu kama mtu aliyemkimbia.

Farheen akauliza tangi la maji liko wapi. Katunge akamwambia liko chini ya kitanda, kuna kijimlango. Soksi za zambarau zikasogea. Mbao zikalia, na miguu ya mama mkwe ikashuka mbele ya kijimlango, yote miwili, ikasimama hapo kama askari wa benki.

"Hapa hapafunguki," Mama alisema.

"Panafunguka, Mum. Sogea kidogo."

"Magoti yananiuma."

"Sawa, ataona baadaye." Katunge akashusha pumzi. "Lakini Farheen, ngoja kidogo. Siuzi bila mume wangu. Hii tulinunua wawili. Yuko kazini, acha nimpigie, akisema ndiyo, unaichukua leo leo. Akisema hapana, basi nitakuwa nimejua nimeolewa na nani."

Nikajaribu kuinua kiuno. Tangi halikukubali. Vidole vyangu vilifika ukingo wa mfuko vikaishia hapo.

Simu ikaita. Mlio wangu ni kwaya ya Usambara, sauti zote nne, na ubao wa kitanda ukaifanya iwe kubwa zaidi. Mama mkwe, Mungu amweke, akaanza kuimba juu yake, wimbo mwingine kabisa, kwa Kikamba.

Aliimba ubeti mzima. Hakuna aliyemfuata.

Katunge akakata simu na kwaya ikakatika. Akapiga tena, na kwaya ikaanza tena. Nikaona soksi nyeupe zikija polepole, kisha magoti yake yakatua sakafuni, kwenye ile miraba myeusi na myeupe tuliyoichagua pamoja. Hakugusa kijimlango. Aliweka tu uso karibu na ufa, na nikaliona jicho lake moja, jekundu.

"Eli," alisema kwa upole ulionitisha. "Sikuulizi umefikaje humo. Nijibu moja tu, mbele ya Mum. Tuuze, au tusiuze?"

Nikisema tuuze, namtupa nje mama yake, naye hajui. Nikisema tusiuze, nimempoteza yeye, na sababu siwezi kuitaja.

Kando ya ufa, kisigino cha mama mkwe kiligonga ubao mara mbili, taratibu, kunikumbusha kiapo.

"Eli, mwenzangu. Ndiyo au hapana?"

Nikafungua mdomo.